Gari lako lina LSD au halina? Namna ya kuikagua difu bila kubahatisha

Muuzaji akikuambia "hii ina LSD, haikwami", yaani difu inayozuia tairi moja kuteleza peke yake (limited-slip differential), muulize amejuaje. Atakuambia aliambiwa na aliyemuuzia, au atakuonyesha maandishi ya 4WD ubavuni mwa gari, au atasema aliwahi kulipiga jeki, akazungusha tairi moja na jingine likafuata. Sababu ya kwanza si ushahidi. Ya pili inahusu kitu kingine kabisa. Ya tatu ina ukweli nusu, na nusu hiyo huwapotosha hata mafundi wazuri: zipo LSD ambazo jaribio hilo haliwezi kuziona, na zipo difu za kawaida zinazoweza kujifanya LSD kwa siku moja.

Hapa chini nimepanga ukaguzi kuanzia kusoma kibandiko mpaka kufungua kava ya difu. Si lazima upite hatua zote. Anza na zile zisizochafua mikono, uendelee mbele pale tu jibu linapokataa kutulia.

Kwanza ujue unatafuta nini

Difu imewekwa ili magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke kwa kasi tofauti gari linapokata kona, maana la nje husafiri mbali kuliko la ndani. Kazi hiyo difu ya kawaida huifanya vizuri sana. Tatizo lake ni kwamba hugawa msukumo sawasawa kushoto na kulia. Tairi moja likiwa hewani au kwenye tope, msukumo mdogo tu unatosha kulizungusha, basi na lenzake lililokanyaga ardhi ngumu hupewa huohuo mdogo. Ndiyo maana unakuta pikapu imeingiza tairi moja mtaroni, hilo linazunguka na kurusha udongo, na la upande wa pili limetulia tuli.

LSD ni difu iliyowekewa kizuizi cha ndani, ili tairi moja lisikimbie peke yake na kuliacha jingine bila nguvu. Wazo lenyewe ni la zamani: Ferdinand Porsche aliihitaji kwa magari ya mashindano ya Auto Union miaka ya 1930, kampuni ya ZF ikaitengeneza, na mwaka 1956 Studebaker-Packard wakaanza kuwauzia wateja wa kawaida nchini Marekani.

Kizuizi hicho hutengenezwa kwa njia tofauti, na kila njia hujibu majaribio kivyake. Sehemu hii isome taratibu, kwa sababu bila kuijua utayasoma vibaya matokeo yote yatakayofuata.

Ya kwanza ni ya pleti. Ndani yake kuna pleti ndogo zinazofanana na za klachi ya pikipiki, zimebanwa na springi. Springi zikiwa nzima, pleti hushikana hata gari likiwa limezimwa, kwa hiyo utauhisi ugumu kwa mkono. Pleti zikilika, ugumu unapotea na difu inakuwa ya kawaida huku kibandiko cha LSD bado kinang'aa. Nissan Patrol nyingi zina ya aina hii nyuma.

Ya pili ni ya viskasi. Hii ni ngoma iliyofungwa kabisa, ndani yake kuna visahani vilivyotoboka vinavyozunguka ndani ya majimaji mazito ya silikoni. Ukiizungusha polepole inakuachia. Ukiiharakisha inakataa, kama mwiko ndani ya ugali unaokaribia kuiva. Mazda MX-5 za mwanzo zilizokuwa na LSD zilitumia hii, na Subaru kadhaa zinayo nyuma.

Ya tatu ni ya gia tupu, inayojulikana zaidi kwa jina la Torsen. Haina pleti wala silikoni. Gia zake za mkato wa mshazari hubanana zenyewe pale tu zinapopewa mzigo. Bila mzigo huzunguka kwa ulaini kama difu ya kawaida, na hapo ndipo jaribio la kuzungusha tairi linaposhindwa. Utaikuta kwenye baadhi ya Altezza RS200 za gia za mkono, kwenye baadhi ya Chaser na Mark II za Tourer V, na kwenye baadhi ya MX-5 za injini ya 1.8 kuanzia 1994.

Kisha kuna vitu viwili ambavyo si LSD lakini huitwa hivyo mitaani. Kimoja ni difloki, yaani ile ya swichi ya "RR DIFF LOCK" kwenye dashibodi. Ikizimwa, difu ni ya kawaida kabisa. Ikiwashwa, magurudumu mawili yanakuwa kitu kimoja. Hicho ni kifaa kingine, na kwenye tope kina nguvu kuliko LSD.

Kingine ni breki zinazoendeshwa na kompyuta: tairi likianza kuteleza, mfumo unalifunga breki na msukumo unahamia upande wa pili. Hapa majina ya watengenezaji ndiyo yanayoleta vurugu. Suzuki Jimny ya kuanzia 2018 ina kitu kinachoitwa "Brake LSD". Toyota Tundra na Tacoma zina "AUTO LSD". Volkswagen wana EDS, ambayo jina lake la Kijerumani linataja difu kufungwa. Zote tatu hutumia breki, na difu yenyewe ndani ni ya kawaida. Si vibaya, Jimny inatoka sehemu ngumu kwa mfumo huo, lakini usinunue oili ya LSD kwa sababu ya neno lililo kwenye kijitabu cha gari.

Hatua ya 1: Soma kibao cha gari

Kwa Toyota za zamani jibu mara nyingi lipo chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tafuta kibao cha chuma chenye namba ya chesisi, rangi na msimbo wa injini. Kuna mstari wa "TRANS/AXLE". Sehemu ya ekseli ina herufi moja, tarakimu mbili, na tarakimu ya mwisho. Herufi huonyesha ukubwa wa difu, mbili za kati zinaonyesha uwiano wa krauni na pinioni (gia kubwa na ndogo za difu), na ya mwisho ndiyo unayoitafuta. Ikiwa 2 au 4, difu ni ya kawaida, yenye spaida (gia ndogo za ndani) mbili au nne. Ikiwa 3 au 5, ilitoka kiwandani na LSD. Corolla AE86 ni mfano mzuri: T282 ni ya kawaida, T283 ina LSD, na tofauti yote iko kwenye tarakimu moja. Toyota za miaka ya karibuni humalizia kwa herufi badala ya tarakimu, na hizo usizikisie. Ingiza namba ya chesisi kwenye katalogi ya vipuri uone difu ipi imeorodheshwa kwa gari hilo hasa.

Kwa BMW za zamani kama E30 na E36, angalia kijibao kilichofungwa kwenye bolti ya difu. Uwiano ukitanguliwa na S, mfano "S 3,25", ni LSD. Kwa walioko Ghuba au Marekani: kwenye GM za miaka iliyopita tafuta msimbo G80 kwenye kibandiko cha ndani ya gari, mara nyingi kwenye kisanduku cha dashibodi, ingawa kwenye pikapu zao G80 ni difu inayojifunga yenyewe tairi moja linapolizidi jingine kwa takriban mizunguko 100 kwa dakika. Ford F-150 huweka msimbo wa ekseli kwenye kibandiko cha mlango wa dereva: 19 ni uwiano wa 3.55 wa kawaida, H9 ni uwiano uleule wenye LSD, L9 ni uwiano uleule wenye difloki ya umeme.

Kibao kina udhaifu mmoja mkubwa kwetu. Kinasema gari lilitoka kiwandani na nini, hakisemi sasa lina nini. Gari lililofika Mombasa au Dar likiwa mtumba, likapita mikono mitatu, difu ikavunjika njiani Singida na kubadilishwa na iliyopatikana siku hiyo, haliwezi kuamuliwa kwa kibao peke yake.

Hatua ya 2: Ingia chini uangalie difu yenyewe

Chukua tochi na kitambaa, maana difu nyingi zimefunikwa na tope lililochanganyika na oili. Futa kwanza karibu na plagi ya kujazia oili na kuzunguka kava. Unatafuta kibandiko au kijibao chenye herufi LSD, mara nyingi kikionya kwamba difu itiwe oili ya LSD tu. Nissan hupenda kibandiko cha rangi ya chungwa, na baadhi ya Subaru zina karatasi ndogo mgongoni mwa difu.

Kibandiko kikiwepo na difu haijawahi kufunguliwa, hiyo ni dalili nzito. Kisipokuwepo haimaanishi kitu, kwa sababu presha ya maji ya kuoshea magari imeshang'oa vingi.

Ukiwa huko chini angalia pia kama kuna waya au mpira mwembamba wa hewa unaoingia kwenye hauzingi ya difu. Waya wa kwenda kwenye mota ndogo, au bomba la hewa, ni alama ya difloki. Waya wa sensa ya ABS usikuchanganye. Huo huishia penye gurudumu, au kwenye sensa ndogo tu isiyo na mota.

Kama gari ni la kuvuta kwa mbele, mfano Vitz, IST, Passo au Noah nyingi, difu iko ndani ya gia boksi na hutaona kitu. Karibu zote hazina LSD. Isipokuwa una gari la michezo kama Honda Integra Type R, usipoteze Jumamosi yako.

Hatua ya 3: Inua magurudumu yote mawili

Kabla ya jeki, usalama. Majaribio haya yanataka hendibreki iwe imeachiwa ikiwa inashika magurudumu ya nyuma, kwa hiyo kinacholizuia gari ni kabari zako tu. Tafuta sakafu ngumu na tambarare, yawekee kabari magurudumu ya mbele pande zote mbili, mbele na nyuma ya kila tairi, na uweke stendi za chuma chini ya ekseli au sehemu zilizoandaliwa na mtengenezaji. Matofali ya saruji hupasuka bila kutoa taarifa. Jeki peke yake si mahali pa kuegeshea uhai wako.

Zima injini na utoe ufunguo. Injini ikiwaka gia ikiwa imeingia, LSD inaweza kulirusha gari kutoka kwenye stendi, na Subaru au gari lolote la kuvuta magurudumu yote muda wote linaweza kufanya hivyo hata difu ya nyuma ikiwa ya kawaida.

Sasa funga propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) isizunguke. Kwa gari la gia za mkono ingiza gia ya kwanza. La otomatiki weka P. Kwa gari lenye transfa (gia boksi ndogo ya 4WD), hakikisha iko H2, yaani magurudumu mawili, na si N, la sivyo gia wala P havitashika propela. Kwa la kuvuta yote muda wote, mwambie mwenzako ashike propela ya nyuma kwa mikono miwili wakati wewe unazungusha.

Shika tairi moja na ulizungushe, polepole kwanza, kisha kwa nguvu ya ghafla.

Likizunguka kwa ulaini na la pili likaenda kinyume, difu inaweza kuwa ya kawaida. Nasema inaweza, kwa sababu Torsen isiyo na mzigo hufanya vivyo hivyo, pleti zilizolika hufanya vivyo hivyo, viskasi iliyokufa hufanya vivyo hivyo, na difloki iliyozimwa pia.

Likikataa kabisa, au likihitaji bomba ndefu ndipo lisogee, una LSD ya pleti iliyo nzima. Au una difu iliyochomelewa. Vijana wa drifti huchomelea spaida ili magurudumu mawili yaende pamoja, na gari la namna hiyo likiuzwa baadaye halitangazwi hivyo. Tofauti utaihisi kwa bomba: LSD huachia na kuteleza kwa ugumu ulio sawa mzunguko mzima, iliyochomelewa haiachii kamwe, na barabarani hulalamikia kila kona kwa sauti ya matairi.

Likisogea ukilisukuma taratibu lakini likakataa ukiliharakisha, hiyo ni viskasi na bado ina uhai.

Watu wengi hufanya jaribio hili gia ikiwa nyutro. Propela inapokuwa huru, matokeo yanayumba. Difu ya kawaida inaweza kuzungusha matairi mawili upande mmoja kwa sababu tu oili yake ni nzito au spaida zimekaza kidogo, huku propela na tairi la pili ni laini kugeuka. Ndiyo zile difu za kawaida zinazojifanya LSD. Nyutro itumie kwenye hatua inayofuata tu.

Kama unashuku Torsen, fanya hivi: propela ikiwa bado imefungwa, mwambie mwenzako azuie tairi la upande wake kwa nguvu ya wastani, nawe ulizungushe la kwako. Kwenye difu ya kawaida, utatumia nguvu karibu sawa na anayokuzuilia. Kwenye Torsen, gia zikipata mzigo hubanana, na utajikuta unasukuma kwa nguvu nyingi zaidi kuliko yeye anavyozuia. Badilishaneni pande mhakikishe haitokani na breki kukwaruza.

Hatua ya 4: Inua gurudumu moja tu, upime

Jaribio hili ndilo ninaloliamini zaidi kwa LSD ya pleti, kwa sababu linakupa kipimo unachoweza kukilinganisha na kitabu cha gereji cha gari hilo. Lakini pia ndilo hatari zaidi kwa asiyejua jambo moja: tairi moja la nyuma likiwa hewani, P au gia havilizuii tena gari. Vinafunga propela tu. Difu ya kawaida italiruhusu tairi lililo hewani lizunguke kinyume, na gari litajiendea. Land Rover Defender za zamani zina hendibreki inayoshika propela, kwa hiyo nazo zitakusaliti vivyo hivyo. Kabari ndizo pekee za kuaminika.

Inua upande mmoja wa nyuma, weka stendi, gia nyutro, hendibreki imeachiwa. Lijaribu kwanza tairi kwa mikono. Difu ya kawaida itazunguka pamoja na propela bila ubishi. Pleti nzima zitakataa.

Ukitaka namba, toa tairi, rudisha nati mbili zinazotazamana ili zilinde meno ya bolti, upitishe bomba imara kati ya bolti hizo, lipite katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) na likae mlalo. Kama una spana ya kupimia nguvu inayoenea kwenye nati ya katikati, tumia hiyo. Kama huna, tumia dumu la maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na kilo moja ikining'inia mita moja kutoka katikati ya habu hutoa karibu nyutoni-mita 10. Ning'iniza dumu tupu mita moja kutoka katikati, uongeze maji kidogokidogo mpaka habu ianze kugeuka. Lita 5 ni karibu nyutoni-mita 50, na uzito wa dumu, pamoja na karibu nusu ya uzito wa bomba lenyewe, uongeze kwenye hesabu. Kinachopimwa ni umbali wa mlalo, kwa hiyo bomba lisiwe limeinama.

Linganisha namba na ya kitabu cha gari hilo, kwa sababu kila mtengenezaji ana kiwango chake. Difu ya kawaida itageuka hata kabla hujamimina maji. LSD iliyochoka itageuka kwa maji machache kuliko kitabu kinavyotaka, na hapo una maelezo ya kwa nini gari lenye kibandiko linakwama kama lisilo nacho.

Hatua ya 5: Barabarani

Tafuta mahali ambapo upande mmoja ni lami au ardhi ngumu na mwingine ni kokoto au mchanga. Zima udhibiti wa kuteleza, VSC au TRC au jina lolote uliloandikiwa, ukijua kwamba kwenye baadhi ya magari kitufe hakiuzimi wote. Gari likiwa limenyooka, kanyaga mafuta kwa kadiri na mwache mtu asimame mbali ubavuni aangalie. Tairi la upande wa kokoto likizunguka peke yake, difu ni ya kawaida au LSD imekufa. Yote mawili yakichimba, una kitu kinachofanya kazi.

Taa ya udhibiti ikimweka kwenye dashibodi wakati huo, jaribio halina maana, breki zimeingilia.

Torsen nayo ina vituko vyake hapa. Huzidisha kile ambacho tairi dhaifu linashikilia, na tairi lililo hewani kabisa halishikilii chochote, kwa hiyo cha kuzidisha hakuna. Kwenye mtaro itaonekana kama difu ya kawaida. Kandamiza breki kidogo huku unaendelea na mafuta: tairi lililo hewani likipata mzigo wa breki, gia hubanana na la pili linavuta. Madereva wa Humvee, gari la jeshi la Marekani lenye Torsen, hutumia mbinu hiyohiyo. Gari likitoka kwa njia hiyo, unaelekea kwenye Torsen.

Kuna dalili nyingine isiyohitaji kokoto. Kata kona kali sana kwa mwendo wa kutembea, kwenye maegesho, madirisha yakiwa wazi. LSD ya pleti iliyotiwa oili isiyoifaa hunguruma na kutetemeka nyuma, kama vile ekseli inashikwa na kuachiwa. Kama kelele hiyo ilianza wiki ile fundi alipobadilisha oili ya difu, umejibiwa.

Hatua ya 6: Fungua

Difu yenye kava ya nyuma hufunguka kirahisi: mwaga oili, toa bolti, uangalie ndani. Spaida zikiwa wazi, unaona pini ikipita katikati yake na nafasi tupu pembeni, hiyo ni ya kawaida. Ukiona springi katikati, au safu ya visahani pembeni mwa gia, ni ya pleti. Gia nene za mkato wa mshazari zilizopangwa ndani ya ganda ni za Torsen au ndugu zake. Ngoma laini iliyofungwa bila dirisha, hiyo ni viskasi.

Hilux na Land Cruiser nyingi hazina kava ya nyuma inayofunguka. Difu hutolewa kwa mbele baada ya kuvuta ekseli, kazi ya nusu siku na gasketi mpya. Kabla ya kufika huko, jaribu kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu, uipitishe kwenye tundu la kujazia oili huku mwenzako anageuza propela taratibu. Picha haitakuwa safi, ila springi na visahani havifanani na nafasi tupu.

Difu iliyo mezani dukani

Sehemu kubwa ya difu tunazofunga hazikaguliwi zikiwa garini. Zipo sakafuni kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, au Kirinyaga Road, Nairobi, au zimeshuka na kontena kutoka Sharjah, na muuza spea anataka bei ya LSD. Hapo una nafasi nzuri kuliko mwenye gari, kwa sababu unaweza kuona. Omba avute kava au akuruhusu umulike ndani. Akikataa, chomeka shafti fupi pande zote mbili, mtu ashike pinioni, wewe ugeuze shafti moja, na uyasome matokeo kama ya hatua ya 3.

Uhesabu na uwiano papo hapo, kwa sababu LSD nzuri yenye uwiano tofauti na difu ya mbele itaharibu transfa ya gari lako la 4WD. Weka alama kwenye pinioni. Shika shafti ya upande mmoja isigeuke, geuza pinioni, na uhesabu mizunguko yake hadi shafti ya pili imalize mizunguko miwili kamili. Kama pinioni imezunguka mara nne na kidogo, uwiano ni karibu 4.1. LSD ya pleti haitakubali kushikwa upande mmoja. Iache shafti zote zizunguke pamoja, uhesabu pinioni kwa mzunguko mmoja wa shafti. Namba hiyo ilingane na kibao cha gari lako.

Ukishajua

LSD ya pleti inataka oili ya difu iliyoandikwa LSD, kwa kawaida 85W-90, au ile kitabu cha gari kinayoitaja. Viskasi na Torsen hutumia oili ya difu ya kawaida ya kiwango kinachotakiwa, maana silikoni ya viskasi imefungwa na haichanganyiki na oili yako.

Matairi ya ekseli hiyo yawe ya saizi moja na yaliyolika kwa kiasi kimoja. Jipya upande mmoja na kipara upande wa pili huifanya LSD ifanye kazi kilomita zote, hata barabara ikiwa imenyooka, na joto lake huua viskasi na kula pleti. Subaru wanataka mzunguko wa matairi yote manne usitofautiane kwa zaidi ya robo inchi, karibu milimita 6. Na gari likiharibika, mwambie wa breakdown alipakie lote juu. Lisivutwe magurudumu ya kuvuta yakiwa yanagusa lami.